Mfereji Usiokwenda Shambani: Uhakiki wa Makumbusho ya Mifereji ya London

Wahakiki wetu wamezoea kuyachambua yaliyoandikwa na, tangu fasihi simulizi ipewe heshima yake katika idara zetu, wamejifunza kuyachambua hata yanayosemwa. Vitu vilivyowekwa ndani ya kabati la kioo na kubandikwa karatasi ya maelezo tumewaachia wanahistoria na wanaakiolojia. Hata hivyo jumba la makumbusho nalo ni matini. Lina msimulizi, ingawa msimulizi huyo aghalabu hujificha. Lina wahusika wakuu na wahusika wadogo. Lina mahali linapokawia na mahali linapokimbia. Na lina mambo ambayo limeamua kuyanyamazia. Makala haya yanakusudia kulisoma jumba moja la namna hiyo, nalo ni Makumbusho ya Mifereji ya London, yaliyofunguliwa mwaka 1992 katika barabara ya New Wharf, nyuma ya stesheni ya King's Cross. Nimeyazuru mara mbili: mara ya kwanza nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili huko Bloomsbury, mahali ambapo mtu aweza kutoka akafika kwa miguu, na mara ya pili miaka kadhaa baadaye, nikiwa na daftari.

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe. Kwa msomaji wa pwani ya Kenya, mfereji ni ule unaofunguliwa kwa mkono ili ndoo ijae. Kwa mtu wa bara aliyekulia karibu na Marakwet au chini ya Kilimanjaro, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa na wazee kuyatoa maji mlimani na kuyapeleka shambani. Wachaga huuita mfongo, na kulikuwa na taratibu kali za zamu na za kuuzibua. Katika matumizi yote mawili maji ndiyo yanayosafirishwa. Mfereji wa London haufanani na hiyo. Huko maji hayaendi popote, au huenda kidogo tu. Maji ni barabara, na kinachosafiri ni makaa, mbao, matofali na barafu. Mfereji huu hauendi shambani. Tofauti hii ni ndogo katika kamusi lakini ni kubwa katika fikira, na msomaji wa Kiswahili asiyeishika tangu mlangoni atalisoma jumba zima kombo.

Historia ya mfereji uliopo kando ya jumba, Mfereji wa Regent, inasimuliwa kwa uwazi wa kutosha, nami sitaikariri yote. Bunge liliupitisha mwaka 1812. Sehemu ya kwanza, kutoka Paddington hadi Camden, ilifunguliwa mwaka 1816, na mwaka 1820 ukafika Limehouse, mahali unapokutana na Mto Thames. Urefu wake ni kilomita 14 hivi. Mhandisi alikuwa James Morgan, na msanifu majengo John Nash alikuwa miongoni mwa wakurugenzi. Mwaka 1815 iligunduliwa kwamba Thomas Homer, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa wazo hilo, alikuwa akizila fedha za kampuni. Kisa hiki kingemfurahisha mwandishi yeyote wa tamthilia wa miaka ya sabini, kwani ndani yake mna kila alichokihitaji: mabepari, mwizi mwenye tai, na wachimbaji ambao majina yao hayakuandikwa.

Nadharia tuliyolelewa nayo, ya kugawa kila kazi katika fani na maudhui, inapata shida hapa, na shida hiyo ina manufaa. Katika jumba hili jengo lenyewe ndilo fani na ndilo maudhui. Lilijengwa mnamo mwaka 1862 na 1863 kuwa ghala la barafu la Carlo Gatti, mhamiaji kutoka Ticino, sehemu ya Uswisi inayosema Kitaliano, aliyefika London mwaka 1847 na kutajirika kwa kuuza vitu vitamu, hasa malai ya barafu. Chini ya sakafu kuna visima viwili vya kuhifadhia barafu, kila kimoja kikiwa na upana wa karibu mita 10. Barafu ilikatwa katika maziwa ya Norway wakati wa baridi, ikapakiwa merikebuni hadi Limehouse, ikateremshwa katika matishali, na matishali yakavutwa na farasi kupitia mfereji hadi mlangoni pa ghala. Hapo vipande vilitumbukizwa kisimani, baridi ya vipande vingi ikavilinda vyenyewe, na mauzo yakaendelea kwa miezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitambo ya kutengeneza barafu ikaiua biashara hiyo.

Mgeni husimama juu ya kisima kimoja akatazama chini. Hakuna kitu. Kuna shimo la matofali lenye giza na unyevu, na pengine mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Naona kwamba hapa ndipo jumba linapofaulu zaidi kuliko mahali pengine pote, kwa sababu halikujaribu kulijaza shimo. Wangeweza kutia vipande vya plastiki vinavyong'aa wakasema hii ndiyo barafu. Hawakufanya hivyo. Wamemwachia msomaji kazi ya kuikisia barafu iliyoyeyuka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na msomaji anayefanyishwa kazi hasahau. Waandishi wetu wa riwaya, ambao mara nyingi huogopa kumwacha msomaji peke yake hata kwa aya moja, wangepata funzo wakichungulia shimo hilo.

Ghorofa ya juu ilikuwa zizi la farasi. Kuna njia ya mteremko ambayo wanyama hao walipandia, na mtu akiisha kuiona hahitaji tena kuambiwa kwamba uchumi wote wa mfereji ulikokotwa kwa shingo za farasi.

Sasa niingie katika lawama, nayo inakihusu kibanda. Kwenye sakafu ya chini kumewekwa sehemu ya nyuma ya mashua nyembamba ya mferejini, ile yenye upana wa mita 2 na kitu, pamoja na chumba chake cha kulala. Chumba hicho hakizidi sana urefu wa mita 3. Ndani yake mna jiko, kitanda cha kukunja, kabati ambalo mlango wake ukilazwa huwa meza, sahani zenye nakshi na shaba iliyosuguliwa. Na kila mbao imepakwa rangi, maua ya waridi na picha za ngome. Familia nzima iliishi humo. Maelezo ya kawaida ni kwamba reli ilipoanza kushindana na mifereji, ujira ulishuka, na mwenye mashua akaiacha nyumba yake ya nchi kavu na kumfanya mkewe na watoto kuwa mabaharia wasiolipwa. Kibanda hiki kinapendeza mno. Wageni hujazana hapo, huinama, hupiga picha, huguna kwa huruma na kwa wivu kidogo.

Lakini Mfereji wa Regent ulichimbwa kwa matishali mapana. Vizimba vyake vya kupandishia na kuteremshia vyombo vina upana wa mita 4 na zaidi, na sehemu kubwa ya kazi ya humu mjini ilifanywa na matishali yasiyo na maua wala ngome, yaliyovutwa na watu ambao jioni ilipoingia walirudi nyumbani kwao kama mfanyakazi mwingine yeyote wa bandari. Familia za mashua nyembamba zilikuwapo, tena zilipita hapa, ila makao yao yalikuwa njia ndefu ya kwenda Birmingham na migodi ya kati. Hivyo basi, mhusika anayebaki akilini mwa mgeni ni msafiri aliyekuwa akipita, ilhali mwenyeji, yule mvuta tishali mwenye nguo za vumbi la makaa, anasahauliwa kwa sababu hakuacha kitu kizuri cha kutazama. Simlaumu mtunzaji wa jumba kwa kukionyesha kibanda. Namlaumu mgeni, na kwa kiasi fulani vitabu vilivyomlea mgeni huyo.

Vitabu hivyo vipo na vinajulikana. Mwaka 1944 L. T. C. Rolt alichapisha Narrow Boat, masimulizi ya safari yake katika mifereji ya Uingereza kabla ya vita na vita vilipokuwa vinaanza. Kitabu hicho kilichochea kuanzishwa kwa chama cha kuitetea mifereji mwaka 1946, na bila juhudi za namna hiyo huenda maji mengi yangefukiwa. Wema huo hatuukani. Lakini utanzu wake ni wa maombolezo: mwandishi anawatazama watu wa mashua kama taifa la kale linalotoweka, watu wa ufundi na heshima waliosalimika na uchafu wa viwanda. Kabla yake, katika karne ya 19, George Smith wa Coalville alikuwa amewatazama watu hao hao na kuona jambo tofauti kabisa: ujinga, ulevi, watoto wasiojua kusoma, vyumba vilivyojaa kupita kiasi. Kampeni yake ilizaa sheria za mwaka 1877 na 1884 za kuandikisha mashua zinazokaliwa na watu na kuwataka watoto wapelekwe shule. Mmoja aliwaona malaika, mwingine aliwaona washenzi. Wote wawili walikuwa na kalamu, na waliotazamwa wengi wao hawakuwa nayo.

Msomaji wa jarida hili haina haja aelezwe kwa nini jambo hilo linamgusa mhakiki wa Kiafrika. Sisi pia tumeandikwa kwa kalamu hizo mbili, ya mmishenari aliyehuzunika na ya msafiri aliyependezwa, na tumechukua muda mrefu kutambua kwamba kalamu ya pili si rafiki kuliko ya kwanza. Kilichonishangaza ni kuiona hali hiyo ikitendeka ndani ya Uingereza, baina ya Waingereza. Tabaka hufanya kazi ambayo sisi tumezoea kuona ikifanywa na rangi. Wanafunzi wetu wanaoandika tasnifu juu ya ukoloni katika fasihi wangenufaika kwa kulijua hilo, wasije wakadhani kwamba dharau ile ilibuniwa mahsusi kwa ajili yetu.

Kuna sauti nyingine zilizokuja katikati. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili wanawake wa mjini, wengi wao waliosoma, walifunzwa kuendesha mashua kwa sababu wanaume walipungua. Beji zao zilikuwa na herufi IW, za maneno yenye maana ya njia za maji za ndani, na watani wakazigeuza kuwa za wanawake wavivu. Utani huo ulikuwa wa uongo mtupu, maana kazi yenyewe ilivunja mgongo. Susan Woolfitt aliuchukua utani huo akaufanya jina la kitabu chake cha mwaka 1947, na mwaka uliofuata Emma Smith akatoa riwaya yake, Maidens' Trip. Waandishi hawa wawili nawapenda kuliko Rolt. Hawakuwa wa ukoo wa mashua, lakini waliishika kana, wakalowa, wakachoka, na lugha yao inaonyesha mikono iliyochubuka.

Kwa kuwa hili ni jarida la lugha, niruhusiwe kusimama kidogo katika maneno mawili. Wachimbaji wa mifereji waliitwa "navvies", nalo ni kifupi cha neno lenye maana ya wanamaji au waongoza vyombo, kwa kuwa mfereji wenyewe uliitwa njia ya vyombo. Mtu aliyeshika sururu na ambaye huenda hakupanda chombo maishani mwake akapewa jina la nahodha, na jina likaporomoka pamoja na hadhi yake hata likawa la mchimbaji yeyote wa reli na barabara. Neno la pili linatuhusu kwa karibu zaidi. Mtu wa mashua aliyekuwa anaimiliki mashua yake mwenyewe, asiyeajiriwa na kampuni, aliitwa "number one", yaani nambari wani. Lilikuwa jina la fahari. Neno hilo hilo la namba lilipoingia Kiswahili kupitia mashamba ya mkonge lilitupa "manamba": kibarua aliyetolewa mbali, akaandikiwa namba, na akakosa jina. Mizizi ya neno ni mmoja. Kwenye mfereji lilimtaja mtu asiye na bwana; mkongeni lilimtaja mtu asiye na kitu ila bwana. Wanasemantiki wetu wana mfano hapo wa darasa zima.

Sehemu ya mfereji inayofaa zaidi kusomwa, hata hivyo, iko nje ya jumba. Usiku wa kuamkia asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 1874 tishali lililoitwa Tilbury, likivutwa pamoja na mengine na chombo cha mvuke, lilikuwa likipita chini ya daraja la Macclesfield karibu na bustani ya wanyama. Lilibeba takriban tani 5 za baruti, pamoja na mafuta ya petroli, sukari na kokwa. Likalipuka. Watu watatu waliokuwamo walikufa na daraja likasambaratika. Lilipojengwa tena, nguzo zake za chuma zilitumiwa upya, lakini zikageuzwa. Kamba za kukokotea matishali zilikuwa zimekwisha kulila chuma upande mmoja na kuacha mifuo mirefu. Baada ya nguzo kugeuzwa, kamba zikaanza kulila upande wa pili. Mtu akizitazama leo ataona mifuo pande zote mbili. Hakuna mwandishi aliyekusudia maandishi hayo. Yaliandikwa na farasi na watu ambao jumba linapata tabu kuwapatia sauti, na ni sahihi kuliko karatasi yoyote ya maelezo niliyoisoma ndani.

Mlipuko huo unaniletea swali juu ya shehena. Barafu ya Gatti tumeifuata mpaka ziwani Norway, tukajua nani aliikata na ilipitia wapi, na ndiyo maana habari yake inasisimua. Sukari ya Tilbury nayo ilikuwa na shamba lake na mkataji wake. Mfereji wa Regent ulishuka Limehouse kwa sababu huko ndiko merikebu za dunia zilikotia nanga. Kuusimulia kana kwamba ulianza Paddington na kuishia ukingoni mwa Thames ni kumsimulia mtu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ningependa kila bidhaa ifuatwe kama ilivyofuatwa barafu, na hilo lingehitaji ukuta mmoja na ramani moja tu.

Nilipozuru mara ya pili nilijipa kazi ya kuandika maelezo ya Kiswahili ya vitu nilivyoviona, ili niyatumie katika somo la tafsiri. Nilitarajia kukwama mapema. Badala yake nilikuta kwamba lugha ya mabaharia wetu ilikuwa imekwisha kunitangulia. Chombo kipana cha mizigo kisicho na matanga ni tishali, na Mombasa hakuna haja ya kulifafanua. Mti wa kusukumia ni upondo. Mkono wa usukani ni kana. Sehemu ya nyuma iliyoinuka ni shetri, na mahali pa chini panapokusanya maji ni ngama. Hata pa kuwekea vyombo vya safari, penye kubana kama kibandani mwa familia, pana jina lake, nalo ni feuli.

Nilipokwama ni pale mfereji unapopanda na kushuka. Kutoka Camden hadi Limehouse kuna vizimba 12 vinavyokiteremsha chombo kwa mita 26 hivi. Chombo huingia kati ya milango miwili, mlango wa nyuma hufungwa, maji hutolewa kwa matundu ya chini, chombo hushuka pamoja nayo, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Waingereza hukiita kizimba hicho kwa neno lile lile la kufuli, na mwanafunzi wangu mmoja alipopewa kifungu juu ya Panama aliandika bila kusita "kufuli za mfereji". Darasa lilicheka, lakini kamusi hazikuwa zimempa njia nyingine. Mimi napendekeza kizimba cha maji kwa kimoja, na ngazi ya maji kwa mfululizo wake. "Lango la maji" sikulikubali, kwa sababu linataja mlango na kukisahau chumba, na chumba ndicho kinachofanya kazi. Wenzangu watakaolikataa pendekezo hili naomba walikatae kwa kuleta neno lililo bora, si kwa kulitohoa lile la Kiingereza.

Hili si suala la istilahi tupu. Ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja, kulikuwa na mtepe ulioundwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja; mwezi Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Kuta hujengwa tena na mbao huchongwa tena. Majina ya mishono na ya kamba, na kitenzi anachotumia fundi anapoikaza mbao kwenye mbao, hayana ghala jingine isipokuwa vinywa vya wachache waliorithi kazi hiyo kwa wazee wao. London wana kanda za sauti za watu wa mashua, zilizonaswa wakati bado walikuwa hai, na ndizo zinazokifanya kibanda kile kisiwe toi. Sisi tunazo idara tatu au nne za Kiswahili zilizo mwendo wa siku moja kutoka Lamu.

Katika daftari langu mistari mingi imejazwa kwa wino. Kamba ya kukokotea, ile iliyozila nguzo za Macclesfield, nimeiandika "amari" kwa penseli na kutia alama ya kuuliza, kwa kuwa amari ni ya nanga na sina hakika kama baharia angekubali ivute badala ya kushikilia. Fundi wa Matondoni niliyemwuliza kwa simu alicheka akasema niende mwenyewe, kamba haielezwi kwa simu.